Kompyuta ya Nyumbani Baada ya Windows 10: Uhamie 11, Ubaki, au Ushike Njia Nyingine?

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 29, 2015 na ambao kwa miaka kumi ulikuwa ndio sura ya kompyuta katika nyumba nyingi. Siku iliyofuata kompyuta hizo ziliwaka kama kawaida, zikafungua barua, zikacheza muziki na kuchapa karatasi, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakuona la kuhangaikia. Wengine waliambiwa madukani kwamba mashine zao zimekwisha na kwamba hakuna njia isipokuwa kununua nyingine. Maoni yote mawili yanapotosha, na kila moja lina gharama yake: la kwanza humwacha mtu akiingia katika akaunti yake ya benki kwa mashine ambayo hakuna tena anayeilinda, na la pili humtoa fedha za ada ya mtoto kwa ajili ya kompyuta ambayo pengine hakuihitaji.

Swali la kuhamia Windows 11 halijibiwi kwa kutazama upya wa mfumo wala uzuri wa kioo chake. Linajibiwa kwa kuuliza ni nani anayeziba matundu ya usalama ya mashine hiyo, ataendelea kuyaziba hadi lini, na mashine yenyewe inafanya kazi gani humo nyumbani. Mtu akiwa na majibu ya maswali hayo matatu, uamuzi wenyewe hauwi mgumu.

Mfumo endeshi wa kisasa una mamilioni ya mistari ya msimbo, na ndani yake yamo makosa ambayo hayajulikani mpaka mtu ayagundue. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba makosa yaliyogunduliwa. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kiraka chenyewe ni habari. Mhalifu mwenye ujuzi hukichukua, akalinganisha faili la kabla na faili la baada, akaona mahali palipobadilishwa, na kutoka hapo akajua tundu lilikuwa wapi na linaingilika vipi. Kwa kuwa Windows 10 na Windows 11 zinashiriki sehemu kubwa ya msimbo, kiraka kinachotolewa mwezi huu kwa ajili ya Windows 11 chaweza kumwonyesha mhalifu njia ya kuingilia Windows 10 ambayo haikupata kiraka hicho. Hii ndiyo sababu hatari ya mfumo ulioachwa haibaki pale pale ilipokuwa siku ya kuachwa. Huongezeka mwezi hadi mwezi, ingawa mtumiaji haoni badiliko lolote mbele yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2017. Machi 14 mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Mei 12, chini ya miezi miwili baadaye, programu haribifu iliyojulikana kwa jina la WannaCry ililipitia tundu hilohilo, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, ikafunga mafaili ya wenyewe na kudai fidia kwa bitcoin. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Wengi hudhani kwamba waathirika wakuu walikuwa watumiaji wa Windows XP, ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa tangu Aprili 8, 2014. Kumbe kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapata viraka vya usalama. Kiraka kilikuwapo, ila hakikuwa kimewekwa. Hapa pana onyo linalotuhusu sana huku kwetu, ambako ni kawaida mtu kuzima masasisho ili yasimlie bando. Kompyuta yenye Windows 11 ambayo masasisho yake yamezimwa tangu iliponunuliwa haina nafuu yoyote juu ya kompyuta ya Windows 10 iliyoachwa, na mwenye nayo anapaswa kuliondoa tatizo hilo kwanza kabla hajafikiria la kuhama.

Wapo pia wanaosema kwamba wana programu ya kuzuia virusi na hiyo inawatosha. Ni kweli kwamba Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender, programu ya kuzuia virusi iliyomo ndani ya Windows 10, taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na ni msaada wa kweli. Hata hivyo kazi ya programu ya namna hiyo ni kulitambua faili baya au mwenendo mbaya, na haiwezi kulirekebisha kosa lililo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Vivinjari navyo havikimbii siku ileile: Chrome iliendelea kuihudumia Windows 7 hadi mwanzoni mwa 2023, miaka mitatu baada ya mfumo huo kuachwa Januari 14, 2020. Nafuu hizi hupunguza hatari na kumpa mtu muda wa kujipanga, lakini haziwezi kuwa mpango wa kudumu.

Sasa tuje kwenye mashine. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inadai RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, uwashaji wa aina mpya uitwao UEFI wenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuwaka kabla ya Windows), kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Masharti mawili ya mwanzo ni mepesi na hata yakipungua hurekebishika kwa fedha kidogo. Lililoziacha nje kompyuta nyingi ni sharti la prosesa. Kwa upande wa Intel, orodha huanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba. Kizazi husomeka katika jina lenyewe: katika Core i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, kwa hiyo ni kizazi cha sita na haipiti, katika Core i5-8250U ni 8, na inapita, katika Core i5-10210U tarakimu ni mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi. Kwa AMD namba hazisomeki kwa urahisi huo, na ni salama zaidi kulitafuta jina kamili la prosesa katika orodha ya Microsoft kuliko kukisia.

Chukulia kompyuta mpakato ya HP EliteBook 840 G3, ambayo iko katika nyumba na ofisi nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu ilikuja kwa wingi kama mtumba kutoka maofisi ya ng'ambo. Ni mashine imara, RAM yake huongezeka, diski yake hubadilika, na kwa kuandika, kusoma na kupiga hesabu haina dosari. Lakini prosesa yake ni ya kizazi cha sita, na kwa sharti la Microsoft imekataliwa hata kama kila kitu kingine kimo. Dell Latitude E7450 ni ya kizazi cha tano na Lenovo ThinkPad T460 ni ya sita, nazo zimeangukia huko huko. Ndugu zake waliokuja baadaye, kama EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480, kwa kawaida hubeba kizazi cha nane na hupita. Nasema kwa kawaida kwa sababu modeli moja huuzwa ikiwa na prosesa tofauti tofauti, na jina lililochapwa juu ya kifuniko halitoshi kuwa ushahidi.

Kabla mtu hajakubali kwamba mashine yake imekataliwa, namwomba aangalie jambo moja ambalo limewafanya watu kununua kompyuta nyingine bila sababu. Microsoft ina programu ya bure ya ukaguzi, PC Health Check, ambayo husema kama kompyuta inafaa au haifai na kutaja sababu. Ikisema kwamba TPM haipo, hiyo haina maana kwamba kweli haipo. Kompyuta nyingi za mezani za kuanzia mwaka 2018 zina TPM ndani ya prosesa yenyewe, lakini ziliuzwa ikiwa imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka litakuambia kama TPM ipo na ni toleo gani. Ikisema haipatikani, izime kompyuta, iwashe ukiingia katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya ubao mama inayotangulia Windows kuwaka, na utafute kifungu cha usalama. Kwenye ubao mama wa Intel mara nyingi huandikwa PTT, na kwenye wa AMD huandikwa fTPM. Kukiwasha ni kazi ya dakika chache isiyogharimu kitu. Ila kama diski ya kompyuta hiyo imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa Windows unaofunga data ya diski, usiguse BIOS mpaka uwe na ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 ulioandikwa mahali pengine, maana mabadiliko ya namna hiyo huweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo itakapowaka.

Hali inafanana kwa Secure Boot. Kompyuta inaweza kuwa na uwezo wote, ila Windows iliyomo ilisakinishwa kwa mtindo wa zamani wa uwashaji, na diski ikagawanywa kwa jedwali la MBR badala ya GPT. Windows 10 ina chombo chake kiitwacho mbr2gpt kinachogeuza jedwali hilo bila kufuta data. Utaratibu ni kuhifadhi nakala ya mafaili kwanza, kisha kugeuza diski, na mwisho ndipo kwenda BIOS kubadili uwashaji kuwa UEFI. Anayeanza na BIOS akaiacha diski kama ilivyo atakuta kompyuta haiwaki, na atadhani ameiua, wakati kumbe akirudisha mpangilio wa mwanzo itawaka tena.

Kwa mashine ambayo kweli haipiti, kuna njia ya mkato, nayo imeenea. Programu ya kuandalia flashi iitwayo Rufus huweza kuondoa ukaguzi wa TPM na wa prosesa wakati wa kusakinisha, na Windows 11 ikaingia katika mashine ya kizazi cha nne au cha tano. Si ajabu basi kukuta kompyuta ya mtumba inauzwa ikiwa tayari ina Windows 11 ingawa haimo katika orodha. Mnunuzi huona picha ya Windows 11 akaridhika. Tatizo liko katika kitu ambacho hakionekani siku ya kununua: Windows 11 si kitu kimoja. Hutolewa kwa matoleo ya kila mwaka, na kila toleo la Home au Pro huhudumiwa kwa miezi 24 tu. Toleo la 23H2 lilikoma kuhudumiwa Novemba 11, 2025, na toleo la 24H2 linakoma Oktoba 13, 2026. Kompyuta iliyo katika orodha huletewa toleo jipya na Windows Update. Iliyoingizwa kwa njia ya mkato kwa kawaida hailetewi, na Microsoft imesema wazi kwamba haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na Windows 11 iliyokwisha kuachwa, tena ikaachwa mapema kuliko Windows 10 iliyojiunga na mpango wa nyongeza nitakaoueleza hivi punde. Andika winver katika kisanduku kilekile cha herufi R, na namba ya toleo itatokea. Mimi sishauri njia hii kwa kompyuta ya familia, isipokuwa katika nyumba kuna mtu anayejua kulipandisha toleo kwa mkono kila mwaka na yuko tayari kufanya hivyo.

Mpango wa nyongeza ni huu: Microsoft imewaruhusu watu binafsi wenye Windows 10 kuendelea kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Kompyuta iwe na toleo la 22H2, na mtumiaji aingie kwa akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya msimamizi. Anaweza kulipa dola 30 za Marekani, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kutolipa kitu kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti hiyo. Wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wamepewa masharti mepesi zaidi. Kiungo cha kujiunga huonekana katika ukurasa wa Windows Update, na leseni moja hufaa kwa kompyuta zisizozidi kumi. Anayechagua njia ya bure ajue kwamba hifadhi ya bure ya OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, ni GB 5 tu. Si lazima folda za picha na nyaraka ziingie humo, kwani kinachotakiwa ni mipangilio. Kwa mwenye kompyuta isiyopita ambaye hajajiandaa, naona hili ndilo la kufanya leo hii, kabla ya lingine lolote. Nyongeza hii haileti kitu kipya wala haitatui tatizo la kudumu, lakini huziba matundu, na hilo ndilo lililokuwa swali letu.

Mwenye kompyuta inayopita je? Kwa maoni yangu ahamie Windows 11, na asichelewe. Leseni ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, mafaili na programu hubaki mahali pake, na akijuta ndani ya siku kumi anaweza kurudi alikotoka kupitia mipangilio, mradi hajafuta folda ya mfumo wa zamani. Sababu za kusita zipo, lakini chache ndizo zenye uzito.

Ya kwanza ni wepesi wa mashine. RAM ya GB 4 inatosha kwa karatasi ya masharti tu. Kwa matumizi ya kweli, yenye kivinjari chenye kurasa kadhaa na darasa la mtoto la mtandaoni, nisingependa kushuka chini ya GB 8. Muhimu zaidi ni diski. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka itakuwa nzito kupindukia chini ya Windows 11, na kuibadilisha iwe SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) kunaleta nafuu kubwa kuliko badiliko lolote lingine ambalo fedha ileile ingeweza kununua. Kama bajeti ni moja, SSD itangulie.

Ya pili ni vifaa na programu za zamani. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo aliye na Windows 10 ya biti 32 hawezi kupandisha moja kwa moja. Itambidi asakinishe upya. Programu za zamani kabisa za biti 16 hazitafanya kazi. Mwenye programu ya uhasibu ya miaka mingi, mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, au printa ambayo mtengenezaji wake hakutoa draiva mpya, aulize kwanza, kwa sababu kifaa kimoja kilichokataa kinaweza kusimamisha kipato cha nyumba.

Ya tatu ni faragha. Windows 11 Home inalazimisha intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa usanidi wa mwanzo, na ni haki ya mtu kutolipenda hilo. Lakini anayepandisha kutoka Windows 10 iliyokwisha kusanidiwa kwa akaunti ya ndani huendelea na akaunti hiyo. Hofu iliyoenea kuhusu Recall, ule mfumo unaopiga picha za kioo mara kwa mara ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona, haizihusu kompyuta hizi tunazozijadili. Recall hufanya kazi katika mashine mpya za daraja la Copilot+ zenye prosesa maalumu ya akili mnemba.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi kwa sauti, nayo ni leseni. Kompyuta nyingi za nyumbani zina Windows iliyoamilishwa kwa kukraki, yaani kwa programu ya kukwepa leseni. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli, na usome maelezo yatakayotokea. Ikiwa yametaja KMS, njia ya uamilishaji inayotumiwa na mashirika, na kompyuta hiyo ni yako binafsi, haikuwahi kuwa mali ya ofisi yenye mkataba na Microsoft, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba uamilishaji wake si halali. Simlaumu mtu ambaye aliikuta hivyo alipoinunua. Nisisitize tu kwamba programu za kukraki mara nyingi hudai Defender izimwe kwanza ndipo zifanye kazi, na mtu aliyeuzima ulinzi ili aingize programu ya mtu asiyemjua amekwisha kufungua mlango ambao viraka vyote vya Jumanne haviwezi kuufunga. Habari njema ni kwamba kompyuta nyingi za mtumba za aina za kiofisi zilizouzwa na Windows 10 tangu kiwandani zina ufunguo halali ndani ya BIOS, na Windows safi ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, hujiamilisha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Fundi akiweka Pro katika mashine yenye ufunguo wa Home, ndipo maandishi ya kudai uamilishaji hutokea pembeni mwa kioo, na ndipo kukraki huanza, wakati leseni halali ilikuwamo humo humo.

Hili linanifikisha kwa fundi. Katika lugha ya mtaani, kupandisha mfumo na kupiga Windows upya huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na tofauti yake imewapotezea watu picha za harusi na rasimu za tasnifu. Kupandisha hufanyika ndani ya Windows iliyopo na huhifadhi kila kitu. Kupiga upya hufuta diski C, na wengi hawajui kwamba mafaili yaliyo kwenye Desktop na katika folda ya Documents yamo ndani ya C. Fundi akiuliza kama una kitu muhimu huko C, ukamjibu kwamba mafaili yako yako Desktop, jibu hilo maana yake ni ndiyo. Kama unampa fundi kazi, mwambie kwa maneno bayana kwamba unataka kupandisha, na hata hivyo nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza kwa mkono wako. Usisahau nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari. Kama Windows 11 itasakinishwa upya katika toleo la 24H2 au la baadaye na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kufungwa kwa usimbaji moja kwa moja, na ufunguo wake wa dharura ukahifadhiwa katika akaunti hiyo. Akaunti ikiwa ni ya fundi, aliyoitumia ili kumaliza kazi haraka, ufunguo wa data zako uko kwake.

Upakuaji ni wa GB kadhaa, kwa hiyo tafuta intaneti isiyokatwa kwa ujazo au uombe faili hilo kwa mtu unayemwamini aliyelipakua kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kompyuta mpakato iwe imejaa chaji na imechomekwa. Ya mezani isipandishwe bila UPS (betri ya akiba) mahali ambapo umeme hukatika.

Imebaki njia ya Linux, mfumo endeshi huria usio wa Microsoft, ambayo kwa kompyuta isiyopita naiona kuwa ndiyo njia ya kudumu iliyo nafuu kuliko zote. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itahudumiwa hadi 2029, haidai TPM wala orodha ya prosesa, na EliteBook 840 G3 niliyoitaja huiendesha bila shida. Haigharimu leseni. Tena mtu anaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski: aiwashe kompyuta kwa flashi, aone kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inachapa, kisha aizime na Windows yake aikute kama alivyoiacha. Kazi zinazofanyika ndani ya kivinjari, kuanzia benki na maombi ya mkopo wa elimu ya juu hadi ritani za kodi na WhatsApp ya wavuti, hufanyika vilevile. Kinachopotea ni Microsoft Office ya kusakinishwa na Photoshop. LibreOffice huchukua nafasi ya ya kwanza kwa matumizi mengi, ingawa waraka wenye majedwali na mpangilio mzito ukipelekwa na kurudishwa kati yake na Word huweza kuvurugika, jambo ambalo mwanafunzi anayesahihishiwa kazi na msimamizi wake alipime mapema. Inafaa kukumbuka kwamba LibreOffice ni mzao wa OpenOffice, na kwamba OpenOffice iliwahi kupata sura ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa kazi iliyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden. Programu huria si ugeni kwetu kama inavyodhaniwa.

Kompyuta ambayo kazi yake ni kucheza muziki uliomo ndani yake, au kuchapa kadi bila kuunganishwa na intaneti wala kupokea flashi za watu, inaweza kubaki na Windows 10 bila wasiwasi mkubwa. Mashine za namna hiyo ni chache kuliko tunavyojiaminisha, kwa sababu siku hizi hata mchapa kadi hupokea kazi kwa WhatsApp.

Aliyeamua kununua mtumba aandike jina kamili la prosesa kabla ya kutoa fedha, aendeshe winver na tpm.msc papo hapo dukani, na asikubali bei ya kizazi cha nane kwa mashine ya kizazi cha sita kwa sababu tu imevishwa Windows 11. Asiyeweza kununua mwaka huu, na ambaye kompyuta yake haipiti, ajiunge na masasisho ya nyongeza sasa, kisha autumie muda uliobaki hadi Oktoba 13, 2026 kuandaa flashi ya Linux Mint na kuijaribu kwa kazi zake halisi, ili siku viraka vitakapokoma awe ameshajua printa yake inachapa na nyaraka zake zinafunguka.